Pilipili ya Siku ya Jibu

Mie nimekula pilipili tangu utotoni. Kwetu Kisarawe mama alikuwa anamwaga kiganja cha pilipili kichaa katikati ya sinia, na mtoto asiyegusa aliulizwa kama anaumwa. Nikaja mjini, nikakaa Tandika, nikazaa, nikafiwa na mume, nikazeeka, pilipili haijakosekana kwangu. Muhogo wa kuchemsha bila pilipili naona kama natafuna kuni. Pilau naila na pilipili mbuzi nzima pembeni ya sahani, naimega kidogo kidogo. Raha yake siwezi kuieleza vizuri, elimu yangu ni ya ngumbaru. Kwanza inauma. Masikio yanafunguka, pua inachuruzika, unajilaumu kwa nini umeila. Halafu kunakuja utulivu, mwili unakuwa mwepesi, na wali uliokuwa wali tu unakuwa chakula. Anayekula pilipili ananielewa. Asiyekula simlazimishi, ila simwelewi.

Na ninapika mwenyewe. Pilipili mbuzi zilizoiva, embe bichi, kitunguu swaumu, ndimu na chumvi. Nachemsha nje kwenye jiko la mkaa mpaka majirani wanafunga madirisha, nasaga, natia kwenye chupa. Mtaani wanaijua. Mwenye shughuli anakuja na chupa yake tupu, ananiamkia, anaomba. Vijana wa chipsi pale barabarani walitaka niwe nawauzia, nikakataa. Kitu ninachokipenda sitaki kianze kunipigia saa.

Mwaka jana nikaanza kugombana na watu wa sokoni. Pilipili zao zilikuwa haziwashi. Nikamwambia muuzaji wangu, "Wewe siku hizi unaniuzia hoho zilizodumaa."

Akacheka. "Bibi, hizi juzi zimemlaza mteja wangu na viatu."

Nikamwona mwongo. Nikajisemea ni mbolea hizi, kila kitu siku hizi kinakua haraka na hakina nguvu, kuku hana ladha, nyanya haina ladha, kwa nini pilipili ipone. Moshi wake wakati wa kuchemsha ulikuwa unanikohoza kama zamani, kwa hiyo sikushuku kitu kingine. Nikawa naongeza. Nilipokuwa natia kiganja nikatia bakuli, nikaweka na kichaa juu yake. Naonja, naona kama nimelamba karoti. Ajabu ni kwamba watu waliendelea kusifu, tena wakazidisha. "Bibi, safari hii imekaa mahali pake, haijazidi, haijapungua." Nikasema basi na ndimi zao zimeshaharibiwa na mbolea.

Sasa nije kwenye lililonishtua.

Nina mjukuu wa kike niliyemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu, aliolewa tena Lindi na mtoto akabaki kwangu. Amekua, amesoma, ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Temeke. Akapata mchumba, kijana wa Mbezi Luis, kwao hasa Tabora. Wanyamwezi. Sie ni Wazaramo. Anayejua mambo ya pwani anajua maana yake: ni watani wetu tangu mababu zao walipokuwa wanateremka na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukwambia lolote, hata kwenye msiba wako, na huruhusiwi kununa. Lakini mkwe ni kitu kingine. Mbele ya mkwe unatazama chini. Nikawaza, hawa watu nitawacheka au nitawaheshimu? Haiwezekani vyote viwili kwa siku moja.

Barua ya posa ilishaletwa, tukaipokea, tukapanga siku ya wao kuja kuchukua jibu. Nikamwita mjukuu wangu, nikamuuliza kama amekubali.

"Nakubali, bibi. Ila waambie wasiwe na haraka. Mwaka. Hata miwili."

"Miwili ya nini? Unasubiri mvua?"

Akageukia vyombo, akaanza kuviosha. Nikajua ni haya za wasichana, nikaacha.

Siku ya jibu nilimfungia chumba cha ndani tangu asubuhi. Ndivyo tunavyofanya. Wageni wa posa hawamwoni mwali, wakimwona anazungukazunguka jikoni watasema ana haraka ya kuolewa. Aliniomba sana anisaidie kupika. "Bibi, niache nikusagie pilipili tu, halafu nitaingia." Nikamwambia hata kunusa jiko asinuse. Nikapika kila kitu mwenyewe: pilau, kuku wa mchuzi, kachumbari, na pilipili mpya ya siku hiyo. Niliionja. Nikaona bado. Nikaongeza.

Msemaji wa upande wetu alikuwa mdogo wangu wa kiume, anakaa Segerea, jirani na gereza. Akiulizwa anakaa wapi hujibu, "Segerea, nje ya ukuta," na hachoki kuisema. Wao walikuja wawili. Mshenga alikuwa mzee wa makamo yangu, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mwenzake alikuwa shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti ya chini. Tukaamkiana, wakakaa. Mdogo wangu akaweka msimamo mapema.

"Wageni wetu, leo ni siku ya wakwe. Utani tumeuacha barabarani, tutaukuta huko."

"Sie tumeushusha palepale tulipolipia nauli, mzee mwenzangu," mshenga akasema. "Ila mkichelewesha chakula nitarudi kuuchukua."

Tukacheka kidogo, cheko la adabu. Kwetu jibu halitolewi mgeni akiwa na njaa, kwa hiyo chakula kikaja kwanza. Nikaweka bakuli la pilipili mbele yao. Shangazi akalitazama.

"Hii ndo yenyewe?"

"Ndo yenyewe, mama," mshenga akamwambia. "Mtoto wetu si ametuusia? Kasema bibi wa huku hampimi mtu kwa shahada, anampima kwa pilipili. Ukiiacha kwenye bakuli umeacha mke."

Akachota kijiko cha kujaa, akamwaga juu ya pilau yake kama mtu anayemwaga mchuzi. Akamchotea na shangazi. Mdogo wangu hakugusa, ana madonda ya tumbo. Nami nilifurahi. Niliwaona watu wa maana.

Napenda kumtazama mtu usoni anapokula pilipili yangu mara ya kwanza, basi nikakaa namtazama yule mzee. Tonge la kwanza alilitafuna vizuri. Halafu akaacha kutafuna. Macho yakasimama mahali pamoja, kwenye kalenda iliyo ukutani, kana kwamba anasoma. Jasho likatokea chini ya kofia, likashuka kwa mistari. Akameza kwa nguvu, akachota tena, akala. Nikasema moyoni, mwanaume huyu. Tonge la tatu halikufika. Alishikwa na kwikwi, kwikwi kubwa ya kurusha mabega, machozi yakaanza kumdondoka kwenye kanzu. Shangazi alikuwa ameshajifunika uso kwa mtandio, anakohoa kikohozi kikavu kisicho na mwisho, mkono mmoja unapapasa mezani kutafuta maji. Alipoyapata na kuyanywa ikawa mbaya zaidi, maana maji hayazimi pilipili, yanaitembeza.

Nilibaki nimekaa.  Nimewahi kuona watu wakitokwa jasho kwa pilipili yangu, sijawahi kuona mzee mzima analia kwenye sebule yangu, tena siku ya posa.

Ilichukua muda mpaka mshenga akapata sauti. Alijifuta uso kwa leso, akaikunja, akaiweka gotini.

"Tulikubaliana utani tuuache barabarani," akasema.

Hapo mdogo wangu akaharibu. Alitaka kuokoa jambo, akacheka cheko la woga. "Aa, mzee, si unamjua dada yangu. Kautani kadogo tu haka. Sie na nyie hatuwezi kukaa hivihivi."

Nilitamani nimpige mwiko.

Mzee hakucheka. "Siku nyingine yoyote ningekushukuru. Ungenitilia pilipili kwenye msiba wangu ningekupa mkono. Leo kuna mtoto amekaa Mbezi na simu mkononi anasubiri nimwambie neno. Nimekuja kuchukua jibu, mezani nimekuta hili." Akasukuma sahani mbele, taratibu, bila kishindo. "Basi na mie si mtoto. Jibu nimelielewa. Mama, inuka twende."

Shangazi akainuka. Nikaona mguu wake unatafuta kiatu.

"Kaeni," nikasema. "Hakuna utani hapa, huyu anasema asichokijua. Na hiyo pilipili haina kitu. Haiwashi hata mtoto."

"Haiwashi?" shangazi akauliza, macho mekundu kama aliyefiwa.

"Haiwashi." Nikavuta bakuli, nikachota kijiko cha kujaa, nikatia mdomoni, nikatafuna mbele yao. Nikachota cha pili. Nikawaonyesha ulimi. "Mnaona? Kama ni utani, mbona na mie nakula?"

Niliamini nimemaliza kesi. Kumbe ndo nimeikoroga. Shangazi alinitazama kwa muda, akamgeukia mwenzake. "Sasa anatudhihaki waziwazi, tukiwa bado na machozi." Na mshenga akachukua kofia yake.

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Mjukuu wangu akatoka, amejitanda kanga yangu kichwani, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamooni."

Hakuna aliyeitikia. Walishangaa kuliko walivyoshangaa pilipili. Mwali ametoka mwenyewe, hajaitwa, mbele ya washenga. Damu ilinipanda.

"Rudi ndani."

"Sirudi, bibi."

Nimemlea mtoto yule tangu anatambaa, sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. 

Akawatazama wageni. "Naomba msimwondokee bibi. Hajafanya utani. Bibi yangu hasikii pilipili. Hajaisikia tangu mwaka jana."

"Nani hasikii?" nikasema. "Unaota?"

"Husikii, bibi. Unaongeza, unaongeza, unadhani ni mbolea. Mie ndo naonjaga. Ukitoka kwenda sokoni naipunguza kwa nyanya na karoti, narudisha kwenye chupa. Leo umenifungia. Nimekaa mle ndani nasikia unasaga, nikajua wageni wataumia."

Nilishikilia kiti. Kuna mshtuko wa kupiga kelele na kuna mshtuko wa kimya, unaokupoza miguu. Huu ulikuwa wa kimya. Nilijikuta nauliza mambo madogo, kama mtu aliyeibiwa anavyoulizia sufuria wakati nyumba nzima imebebwa.

"Na ile chupa ya mwenye harusi wa pale kona?"

"Niliipunguza."

"Ile ya maulidi?"

Akatazama chini. "Ile niliimwaga yote, bibi. Haikufaa. Nikapika nyingine."

Ile ya maulidi ndiyo niliyosifiwa kuliko zote katika maisha yangu. Akina mama walikuja mpaka nyumbani kunipa mkono, nikaupokea.

Nikachukua tena kijiko. Safari hii sikula kwa ushindani. Niliweka kidogo katikati ya ulimi, nikafumba mdomo, nikangoja. Nilisikia chumvi. Nilisikia uchachu wa embe kwa mbali. Halafu nikangoja ule moto niliokuwa nao tangu Kisarawe, na haukuja. Ulimi ulikuwa kama si wangu. Wote wanne walikuwa wananitazama, na nadhani uso wangu ndio uliowafanya waamini, maana mshenga aliweka kofia mezani.

Shangazi akarudi kukaa. Akamuuliza mjukuu wangu, sauti yake bado imekwaruza. "Kwa nini hukumwambia?"

"Angeacha kupika. Bibi akiacha kupika atakaa tu."

"Na ukija kwetu, nani atampunguzia?"

Mtoto alirekebisha kanga kichwani. "Ndo maana nilisema mwaka. Au miwili."

Hapo nikapata pigo la pili, na hili liliniuma kupita la ulimi. Kumbe hazikuwa haya. Kijana wa watu anasubiri, umri wa binti unakwenda, ndoa inasogezwa mbele kwa sababu ya bakuli langu. Mdogo wangu akafungua mdomo, nikaona anataka kusema tutatafakari, tutawajulisha. Mwenye kusema alikuwa yeye, ndiyo desturi, lakini desturi siku hiyo ilishalala chali mlangoni.

"Jibu ni ndiyo," nikasema. "Na hatungoji mwaka. Ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani."

"Bibi."

"Nyamaza. Umenionjea vya kutosha."

Mshenga akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo kweli haukuwa utani."

"Haukuwa."

"Basi sasa nina haki ya wangu." Akavuta ile sahani yake, akaondoa pilipili kwa ncha ya kijiko kama anayeondoa mdudu. "Siku ya harusi pilipili tutaleta sie wa Tabora, na huyu mzee wa nje ya ukuta ataila mbele ya watu."

"Nina madonda ya tumbo," mdogo wangu akasema.

"Tutakubebea na maziwa."

Wakala, wakamaliza pilau, wakaondoka na neno lao. Ingekuwa mwisho mzuri, lakini mjukuu wangu alinifuata jikoni akaniambia haendi. Alisema kwa upole kabisa, anafuta mikono. Jibu nimetoa mie, si yeye. Ataniachaje na jiko la pilipili na ulimi usiosikia, nije kumuunguza mtoto wa mtu au niunguze tumbo langu mwenyewe? Nikafoka. Hakubadilika. Nilimlea kwa kumwogopesha, kumbe nilikuwa namfundisha ugumu.

Nilikwenda zahanati. Daktari akanipima, akazungumzia sukari na mishipa, akanipa dawa, akanikataza mambo mengi. Nikamuuliza kama ulimi utarudi. Akasema huenda, huenda usirudi. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Nilivyorudi nikaenda sokoni, nikanunua pilipili kwa yule muuzaji niliyemwita mwongo. Nikamwomba radhi, akashtuka mpaka akaniongezea. Nyumbani nikamkataza mjukuu wangu asikaribie. Nikatia kiganja. Kiganja kile cha zamani, cha mama yangu, si bakuli. Mkono ulitaka kuongeza, nikaukalia. Nikachemsha, nikakohoa, nikasaga, na nikafunga kifuniko bila kuonja. Jambo hilo sijawahi kulifanya. Nilijiona kama nimetoka nje bila nguo. Nikampa mdogo wangu chupa aipeleke Mbezi Luis kwa shangazi wa kijana, na ujumbe mmoja: ale, aniambie kweli, kama ni mbaya aseme mbaya.

Simu ikaita jioni, bado kuna mwanga. Nikabonyeza ya sauti kubwa, maana masikio nayo yana mambo yake. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea nguzo.

"Shikamoo, mama," shangazi akasema. "Tumeila na ndizi."

"Marahaba. Sema."

"Mama, sie huko kwetu si walaji sana."

"Sikuulizi habari za kwenu. Imekuwaje?"

 Nikasikia watu nyuma yake, vyombo vinagongana, mtu anamwambia mwenzake amsogezee ile chupa.

"Imewasha," akasema. "Kiasi. Wanagombania iliyobaki."

Nikakaa kwenye kigoda.  Nikamwambia asante, nikamwambia awasalimie, simu ikakatika yenyewe.

 Mjukuu wangu aliniangalia, akatazama lile jiko, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na simu yake mkononi, anampigia yule kijana, anamuuliza Ramadhani inaanza lini.